Darasa Lililoelewa Kila Kitu

Vijana mnaobaki kwenye kazi ya kukagua mizigo, mliniomba kwenye ile chai ya kuniaga niandike niliyoyaona. Nikakubali, mkapiga makofi, kisha kila mmoja akarudi kwenye simu yake. Nimeandika hivyo hivyo. Shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo msitafute maneno makubwa humu. Wala sitasema nililipwa nini, au lini nilianza kuitwa bosi. Guangzhou kila mtu ni bosi. Hata msukuma mkokoteni wa soko la Zhanxi utamwita laoban ukitaka akupishe njia.

Kazi yetu haihitaji maelezo marefu. Mfanyabiashara wa Dar au Unguja anaagiza bidhaa, kiwanda kinatengeneza, na kabla kontena halijafungwa sisi tunakwenda kutazama kama kilichotengenezwa ndicho kilichoagizwa. Mara nyingi sicho. Mwenye kiwanda anakumiminia chai kwenye kikombe kidogo kama kizibo, anatabasamu, anasema hakuna tatizo. Ukimwonyesha tatizo, anakumiminia kikombe cha pili.

Siku ya kwanza nilishuka uwanja wa ndege wa Baiyun nimevaa koti zito la kuazima. Jirani yangu wa Temeke, ambaye shemeji yake aliwahi kufika China, aliniapia kwamba kuna baridi ya kuua. Nikakuta joto kama la kwetu, tena lisilo na upepo. Koti sikulivua. Ukoo mzima ulikuwa umeniaga nimelivaa, nikaona kulivua ni kama kuwaambia wamekosea. Nikapanda treni ya chini ya ardhi nalo, jasho likinitiririka mpaka kwenye viatu, na abiria wakanipa nafasi kubwa wakidhani naumwa.

Aliyenipokea na kunifundisha kazi ni Mama Ngalula, Mkongo wa Lubumbashi, mnunuzi wa viatu. Yeye mtu wa kanisa, mimi mtu wa swala tano, lakini katika kumshuku mwenye kiwanda tulikuwa dini moja.

"Zuwena, sikiya," aliniambia Zhanxi, maboksi yametuzunguka pande zote. "Sampuli ni bwana harusi. Siku ya kwanza iko na costume, iko na manukato. Bon. Weye unataka kuona vile anaamukaka asubui."

"Nitamwonaje, Mama?"

"Katoni wanakupatia, usifungue. Fungua ile wanaikalia."

Sheria hiyo nimeitii miaka yote. Mkimkuta mtu wa ghala amekaa juu ya boksi anavuta sigara, mwombeni kwa adabu anyanyuke. Chini ya makalio ya watu nimekuta viatu vya shule vya mguu wa kushoto vitupu, na mashati yenye mikono mirefu upande mmoja. Mama Ngalula aliporudi kwao moja kwa moja aliniachia kisu chake cha kukatia maboksi. Mpini wake umefungwa plasta, na bado kinakata kuliko vyenu vipya.

Nguo nilizimudu upesi. Kule Zhongda, kwenye maduka ya vitambaa yasiyo na mwisho, unachomoa uzi mmoja, unauchoma kwa kiberiti, unanusa. Pamba inanuka karatasi iliyoungua, plastiki inanuka plastiki, haijalishi muuzaji anaapa vipi. Kilichonishinda ni betri. Watu wetu walipohamia kwenye sola, nikajikuta nakagua vitu vilivyofungwa pande zote. Betri huwezi kuinusa. Nilikuwa naipima uzito kwa mkono, nakunja uso kama mjuzi, nasema "hii sawa." Siku moja mteja alipasua moja huko Mbagala akakuta nusu yake ni saruji. Uzito ulikuwa sawa kabisa.

Ndipo akaletwa Idrisa. Alikuwa anasoma shahada ya uzamili hapa, katika uhandisi wa kijani, yaani namna ya kutengeneza vitu bila kuichafua dunia na namna ya kuvizika vikishakufa. Mwisho wa wiki alitutafsiria viwandani ili apate nauli na chakula. Wasifu wake niliujua vizuri, kwa sababu ulijadiliwa na watu wengi kuliko alivyopenda.

Alianza kufundisha fizikia sekondari moja mkoani Morogoro. Shule ilikuwa na kabati la vifaa vya maabara, na ufunguo alikaa nao mkuu wa shule ili visivunjwe. Wanafunzi wakamaliza kidato cha nne na vifaa vikiwa salama kabisa. Baadaye akahamia chuo cha ufundi, akapewa somo la umeme wa jua. Paneli ya kufundishia ilikuwepo, wafadhili walileta, lakini ilifungwa juu ya nyumba ya mkuu wa chuo, ambaye naye alikuwa na haja ya mwanga. Idrisa akawa anaichora ubaoni. Alisema alifikia kuichora vizuri sana, mpaka kivuli chake.

Mwenyekiti wa kikundi chetu cha wafanyabiashara alikuwa Mzee Hashimu, Mzanzibari wa vitenge na taa za sola, mpenda vyeo vya watu na vyake. Alimtambulisha Idrisa kila kiwanda tulichoingia kuwa ni Profesa.

"Mzee, mimi bado mwanafunzi," Idrisa alimnong'oneza.

"Nyamaza, Profesa. Hapa ukijishusha wewe, bei inapanda."

Profesa wetu alinifundisha kutumia testa, kisha akanifundisha kitu bora kuliko testa. Unafunga taa kwenye betri, unakaa, unakunywa ile chai yao. Taa ikififia kabla birika halijaisha, betri hiyo rudisha. "Na mwenye kiwanda akianza kukumiminia haraka haraka, Bi Zuwena," alisema, "ujue naye anaitazama taa." Tangu hapo sikupitisha saruji.

Wengine aliwafundisha Jumapili, ghorofani kwenye mgahawa wetu, baada ya sahani kuondolewa. Alieleza vizuri, kwa subira, anachora kwenye kitambaa cha meza cha karatasi. Kila akiuliza kama tumeelewa, ukumbi unajibu, "Tumeelewa, mwalimu!" Jumatatu wanatoka wananunua betri za saruji.

Msiwalaumu sana. Nanyi ndivyo mlivyolelewa. Kwetu mtu akisimama kukufundisha, kumwambia sijaelewa ni kama kumwambia hujui kueleza. Utamfedhehesha mbele za watu. Kwa hiyo tunamsitiri. Tunaitika, tunamshukuru, tunamwombea dua, halafu tunakwenda kuharibikiwa kimyakimya nyumbani kwetu.

Hivyo hivyo nilisitiriwa mimi nilipofiwa na mdogo wangu Kassim. Nilimlea mwenyewe baada ya mama kufariki. Habari zilinikuta Zhongda, nimeshika robota la kitambaa, na nikaendelea kulishika mpaka muuzaji akaja kulichukua mikononi mwangu. Kassim alikuwa ananunua betri kuukuu za magari, anazivunja uani kwake, anayeyusha kwenye sufuria madini ya risasi yaliyomo na kuuza mapande. Aliumwa tumbo muda mrefu, mikono ikawa inalegea, akawa msahaulifu na mkali, naye hakuwa hivyo. Tulisoma hitima ghorofani pale pale kwenye mgahawa. Mmoja alisema presha, mwingine akasema husuda, Mzee Hashimu akasema kazi ya Mungu haina makosa. Hakuna aliyeuliza aliugua nini hasa, na mimi sikusema, maana sikujua. Mjane alibaki nyumba ile ile na watoto wawili, na kaka yake akairithi kazi ya sufuria.

Mwaka ule ule Idrisa alikaribia kumaliza. Profesa wake, profesa wa kweli sasa, alikuwa na nafasi moja ya uzamivu, na atakayeipata angepaswa kusomesha pia. Idrisa alipeleka vyeti vyake vya ualimu. Profesa akavisoma akavirudisha. Alikuwa amekwisha kupokea watu wengi waliofundisha sana kwenye karatasi. Akasema: leta watu wasioijua fani yako, wafundishe kwa lugha yao, mimi nitakaa nyuma. Nikiona wamejifunza, nafasi ni yako.

Kama asingeipata, kibali chake cha kuishi hapa kilikuwa kinakwisha, na chuo cha ufundi kilikuwa kinamsubiri na ubao wake.

Mzee Hashimu aliitisha kikao. Ilikuwa kama tunamwoza binti.

"Jamani, huyu mtoto wetu. Tujaze ukumbi. Kanzu, makoti, kina mama vaeni vya harusi. Pilau naipika mimi, yaani mke wangu. Na jambo moja, wallahi, anayetaka kumharibia kijana aulize swali!"

"Kwa hiyo tusiulize?" nilisema.

"Bi Zuwena, swali ni kumvua mtu nguo hadharani. Akisema mmeelewa, sote kwa pamoja: ndiyo, mwalimu. Basi."

Mlinzi wa geti la chuo alikagua sufuria ya pilau kuliko alivyotukagua sisi. Darasani tulijaa mpaka ukutani, tunanukia udi na mafuta ya nywele. Profesa alikuwa mzee mfupi mwenye chupa yake ya chai na kalamu yenye kifuniko, ameketi nyuma kabisa. Kando yake alikaa mkalimani, binti wa Kichina aliyesomea Kiswahili chuoni na kujipa jina la Tumaini. Kiswahili chake kilikuwa cha taarifa ya habari.

"Ndugu waheshimiwa," alituambia, "karibuni mketi kwa utulivu."

Tukaketi kwa utulivu. Hatujawahi kuwa watulivu vile.

Idrisa aliingia na suti ambayo Hashimu alimwazima. Alikuwa amechagua somo la betri kuukuu, zinakokwenda zikifa na zinavyodhuru zisipozikwa vizuri. Mtu aliyekuwa akichora juu ya kitambaa cha meza na kutuchekesha hakuonekana. Alishika rimoti, akatazama ukutani, akasema mambo ya umeng'enyaji na mrundikano wa metali nzito katika mifumo ya viumbe hai. Jasho lilimtoka kama mimi na koti langu.

"Tuko pamoja mpaka hapo?"

"Ndiyo, mwalimu!"

Tuliitika hata kabla hajafika hapo. Kila picha ilipobadilika tuliitika kwa sauti zaidi. Mama mmoja nyuma yangu akapiga kigelegele. Nilimtazama profesa. Kalamu yake ilikuwa bado na kifuniko.

Somo likaisha. Profesa akasema neno moja au mawili, na Tumaini akasimama.

"Mheshimiwa Profesa anauliza: ni jambo lipi ambalo hamkulielewa?"

Mzee Hashimu akanyanyuka, akaweka koti lake sawa.

"Mwambie Mheshimiwa, tumeelewa yote. Kijana huyu hana mpinzani. Tunaomba apewe hata leo, na chakula kipo."

Tumaini akatafsiri, nafikiri pamoja na pilau. Profesa aliinamisha kichwa kwa heshima, akafunga chupa yake ya chai, akaanza kuvuta mkoba wake. Nikamwona Idrisa akizima mashine polepole, kama mtu anayezima taa za nyumba anayohama. Alielewa yeye. Ukumbi mzima ukawa unatabasamu, tumemsitiri mpaka basi.

Nikanyoosha mkono.

"Mimi sijaelewa."

"Bi Zuwena," Hashimu alisema bila kugeuka, "kaa chini."

"Nimekaa, Mzee. Ndiyo nasema nimekaa na sijaelewa. Mwalimu, kuna mtu alikuwa akiyeyusha hizo betri. Madini yenyewe hakuyatia kinywani hata siku moja. Yalimwingiaje?"

Nyuma yangu mtu akasema, "Astaghfirullah." Tumaini alimnong'oneza profesa, na ule mkoba ukabaki nusu hewani.

Idrisa aliitazama tena picha ya ukutani. "Kwa njia ya upumuaji na umeng'enyaji, Bi Zuwena. Chembechembe..."

"Bado sijaelewa."

"Mwanamke huyu anatuua," Hashimu aliliambia dirisha.

Idrisa akanitazama. Nadhani hapo ndipo aliponiona, mimi wa kwenye viwanda. Akaweka rimoti mezani, akavua koti la kuazima, akachukua chaki.

"Huyo mtu alikuwa anayeyushia wapi?"

"Uani kwake. Sufuria kuukuu, juu ya mkaa."

Akachora uani. Alichora vizuri, ni kweli.

"Akimaliza?"

"Anapangusa mikono kwenye shati, anakula."

"Anakula wapi?"

"Hapo hapo, kwenye kigoda."

"Na shati?"

"Analivua chumbani. Analiweka kitandani."

Kila nilichosema alikichora, na juu ya kila kitu akatia nukta za chaki. Mikono, sahani, shati, kitanda.

"Basi hukumwona akiyatia kinywani kwa sababu yalikuwa vumbi. Yalikula naye kwenye kigoda, yakalala naye. Sasa, Bi Zuwena, moto ukizima, moshi ule unatua wapi?"

"Chini. Pale pale uani."

"Yeye akiwa hayupo, hapo uani anakaa nani?"

Chaki yake ilikuwa inasubiri juu ya udongo alioujaza nukta.

"Watoto wake," nilisema. "Ndipo wanapocheza."

Hakuchora watoto. Aliteremsha mkono.

"Nimeelewa," nikasema, nikachukua mkoba wangu nikatoka.

Mlango haukufungika vizuri nyuma yangu, na mimi kwenye simu nina sauti ya Temeke. Huko kwetu ilikuwa bado asubuhi. Wifi yangu alipokea.

"Wifi, kwema huko?"

"Watoto wako wapi?"

"Wapo hapa uani, wanacheza. Kuna nini, mbona unahema?"

"Watoe."

"Niwatoe niwapeleke wapi?"

"Kwangu. Ufunguo uko kwa jirani. Hiyo nyumba msirudi kulala, na kaka yako mwambie aache hiyo sufuria. Kassim haikuwa husuda, wifi. Haikuwa presha. Nakueleza, wewe tembea huku nakueleza."

Yaliyotokea ndani nilihadithiwa na Idrisa. Ukumbi mzima ulikuwa unanisikia nikipiga kelele kwenye korido. Profesa akamuuliza Tumaini nasema nini. Tumaini akasikiliza kidogo, na safari hii Kiswahili chake hakikuhitaji kamusi. Akamwambia: anamwagiza mtu awaondoe watoto mahali pale, wasirudi tena. Profesa akatoa kifuniko cha kalamu, akaandika kwa mara ya kwanza.

Halafu mkono mwingine ukanyanyuka. Ulikuwa wa Mzee Hashimu.

"Mwalimu, na hizi za pikipiki nazo? Kwa sababu mimi ninazo kama... ninazo chumbani."

Baada yake hawakuzuilika. Waliuliza za taa, za simu, za gari lililokufa nyuma ya nyumba ya mkwe. Mmoja alisimama akasema hata ya Jumapili zote hakuwahi kuyaelewa, na akaomba waanze mwanzo. Mlinzi alipokuja kufunga jengo aliwakuta wameuzunguka ubao kama wanagombea bidhaa.

Idrisa alipewa nafasi. Siku hizi anasomesha hapo chuoni, na anayemwita Profesa anamkanya. Hashimu mpaka leo anaeleza kuwa ilikuwa ile pilau.

Watoto wa Kassim walipimwa damu. Mdogo yuko salama. Mkubwa alikutwa na madini yale, anatibiwa, na daktari hasemi mengi. Ndiyo sababu nimestaafu kabla ya magoti yangu kunilazimisha. Nyumba yangu imepata wenyewe, na mtoto yule anahitaji mtu wa kukaa naye kwenye masomo, maana anasahau upesi.

Siku ile sikula pilau. Nilibaki kwenye korido, mgongo ukutani, namsindikiza wifi kwa simu mtaa kwa mtaa, mpaka nikasikia kitasa changu kikizunguka huko Temeke. Nikamwambia nguo walizovaa azivue nje, zisiingie ndani, na awaogeshe wote mpaka kichwani. Akaiweka simu dirishani bila kuikata. Nikasikia maji yanajaa ndoo, na watoto wakibishana nani aanze.